Jinsi ya Kuipata Protini Hata Kama Haipo

Mwongozo huu ni wa mtafiti aliyebanwa. Msimamizi anataka picha kabla ya Ijumaa, mfadhili anataka ripoti mwisho wa mwezi, na andiko la mradi lililoleta fedha linasema kwamba protini fulani ya vidole vya zinki imejaa kwenye seli za saratani. Halisemi huenda imejaa. Linasema imejaa, na fedha zimeshatumika nusu. Kilichobaki ni kuiona. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja nawe utaiona, iwe ipo, iwe haipo.

Mahitaji: kingamwili moja ya utafiti, inayouzwa dola mia kadhaa kwa kichupa cha mikrolita 100, yaani kama matone mawili, kingamwili ya pili ya kuishika ile ya kwanza, jeli, utando, maziwa ya unga na mkasi mkali. Mkasi usiusahau.

Hatua ya 1: Chagua protini yenye ukoo mkubwa

Protini za vidole vya zinki zinafaa kuliko zote. Kidole kimoja ni kipande cha amino asidi zipatazo 30, kilichojikunja kuizunguka ayoni moja ya zinki. Sisteini mbili na histidini mbili zimeing'ang'ania ayoni hiyo ili kidole kisilegee, na kidole chenyewe hujipenyeza kwenye mfereji wa DNA kusoma herufi zake. Umbo hili lilipendekezwa mwaka 1985 huko Cambridge, Uingereza, na Aaron Klug, mtu aliyekulia Durban, pamoja na wenzake. Walikuwa wakichunguza protini iitwayo TFIIIA iliyotolewa kwenye mayai machanga ya chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Chura yule alikuwa mkarimu: protini hiyo imejaa tele ndani ya mayai yake, kiasi kwamba mtu aliweza kuisafisha na kuipima yenyewe. Seli zako si karimu hivyo. Protini hizi nyingi kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni, kazi isiyohitaji umati, kwa hiyo seli hutengeneza chache tu.

Binadamu ana zaidi ya jeni 700 za protini za aina hii, na nyingi hazina jina la maana, zina herufi ZNF na namba tu. Kundi kubwa limerundikana kwenye kromosomu ya 19, ambako jeni zilijinakili jirani kwa jirani kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana vidole vyao vinafanana sana, na kiungo kati ya kidole na kidole mara nyingi ni amino asidi tano zilezile kwa mpangilio uleule. Kingamwili iliyofunzwa kwa kuonyeshwa vidole hivyo ina nafasi nzuri ya kumshika binamu, shemeji au mtu wa ukoo wa mbali. Usihuzunike. Yeyote atakayeshikwa ataacha bendi, yaani mstari kwenye picha, na bendi haina kitambulisho.

Hatua ya 2: Nunua kwa jina, usisome maandishi madogo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, ila hawakuwahi kufungua katalogi ya kingamwili, ambamo kizuri na kibaya vimepigwa picha ileile: bendi moja nyeusi, safi, mahali panapotakiwa. Chini ya picha kuna maelezo kwa herufi ndogo. Huenda yanasema kwamba seli zilizopigwa picha zililazimishwa kutengeneza protini hiyo kwa wingi usiopatikana kwenye seli yoyote ya kawaida. Huenda pia yanataja ni kipande gani cha protini alichodungwa sungura aliyeitoa kingamwili hiyo, na kama kipande hicho ni vidole au ni sehemu ya pekee isiyopatikana kwa ndugu zake. Ukisoma hayo unaweza kubadili mawazo, na Ijumaa haitakusubiri.

Chagua ile iliyotajwa kwenye makala nyingi zaidi. Wote hao hawawezi kuwa wamekosea. Kila mmoja wao aliinunua kwa sababu ilikuwa imetajwa kwenye makala nyingi zaidi.

Amini lebo. Watafiti wa Toronto waliamini lebo ya kifaa cha kupimia protini iitwayo CUZD1, waliyotumaini ingesaidia kugundua saratani ya kongosho. Baada ya miaka 2, dola 500,000 na maelfu ya sampuli za wagonjwa, walibaini kwamba kifaa kilikuwa kinapima protini nyingine kabisa, CA125, inayojulikana miaka mingi kwenye saratani ya ovari. Walichapisha habari hiyo wenyewe. Kosa lao, kwa mujibu wa mwongozo huu, ni kuendelea kuchunguza baada ya kupata namba.

Kama kuna uchaguzi, nunua ya sungura iliyochujwa moja kwa moja kutoka kwenye damu yake. Hiyo ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja na ladha yake. Kuna njia nyingine: katika maabara ileile aliyofanyia kazi Klug, Georges Köhler na César Milstein walionyesha mwaka 1975 namna ya kuunganisha seli ya kinga na seli ya saratani ili zitoe kingamwili ya aina moja tu, nao wakapewa Nobel mwaka 1984. Siku hizi kuna hata zinazotengenezwa kutokana na jeni ya kingamwili yenyewe, ambazo kila kichupa ni sawa na kilichotangulia. Hizo zinaondoa bahati kwenye kazi. Kwa kingamwili ya damu, sungura akifa anatafutwa mwingine: namba ya katalogi inabaki ileile, sungura si yuleyule, na matokeo yako ya mwaka jana yanakuwa historia ambayo hakuna atakayeweza kuirudia, hata wewe.

Hatua ya 3: Pokea mzigo kwa wasiwasi

Kama maabara yako iko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, una neema wasiyokuwa nayo wenzako wa Boston. Mzigo utakaa uwanja wa ndege ukisubiri kibali, wakala atataka karatasi moja zaidi, barafu itayeyuka, halafu umeme utakatika usiku ule ule uliouingiza kwenye friza. Kwa kweli kingamwili nyingi ni protini ngumu, na siku chache nje ya baridi kwa kawaida haziziui. Kinachoziumiza zaidi ni kugandishwa na kuyeyushwa kila wiki na mtu mvivu wa kuzigawa kwenye vichupa vidogo. Lakini usiseme hivyo hadharani. Jaribio likifanikiwa, sifa ni zako. Likishindikana, forodha ipo.

Hatua ya 4: Pika, hamisha, nywesha maziwa

Njia inayopendwa ni westani bloti. Ponda seli, changanya na sabuni kali, chemsha kwa nyuzi 95 kwa dakika 5 ili kila protini inyooke. Tia kwenye visima vya jeli, washa umeme, ngoja rangi ya buluu ifike chini. Protini ndogo hutangulia, kubwa hubaki nyuma. Kisha zihamishie zote kwenye utando mweupe. Utando huo una njaa ya protini yoyote ile, kwa hiyo uloweke saa nzima katika maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 5 kwa mililita 100, ili nafasi zilizo wazi zijae kabla kingamwili haijamwagwa. Maziwa ya chai ya ofisini yasitumike. Yana mafuta, na wenzako watakujua.

Sasa kingamwili yenyewe. Karatasi inasema izimuliwe moja kwa elfu, ikae usiku kucha kwenye chumba cha baridi, sahani ikitikiswa polepole. Ukiona unapata bendi hafifu, tia moja kwa mia. Kingamwili ikizidi hushika hata visivyoihusu, na hapo ndipo utando unapochangamka.

Asubuhi osha mara tatu, kisha tia kingamwili ya pili. Hii imetoka kwa mbuzi. Kazi yake ni kuishika ile ya sungura, nayo imebebeshwa kimeng'enya kinachowezesha mwanga kutoka. Watu huonya kuhusu kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini katika biashara hii mbuzi ndiye mwaminifu kuliko wote. Popote sungura alipotua, mbuzi atakuonyesha. Sungura ameshika nini, hilo mbuzi hakuulizwa.

Hatua ya 5: Piga picha mpaka ikubali

Funga mlango wa kamera. Sekunde 10: kiza. Dakika 1: mstari mnene kwenye uzito wa kilodaltoni 48, mwingine karibu na 100, na ukungu chini kabisa. Protini yako inatakiwa kuwa na kilodaltoni 70. Subiri. Dakika 10: utando mzima umeanza kuwa wa kijivu, na pale kwenye 70, ukiinamisha kichwa kidogo, kuna kivuli. Hongera. Umeipata.

Sasa mkasi. Kata picha juu ya 75 na chini ya 65. Ongeza kiza na mwanga mpaka kivuli kiwe bendi. Chini yake weka kipande kingine cha picha chenye bendi za aktini, kilodaltoni 42, nene na sawasawa kwenye kila kisima. Aktini inaonyesha tu kwamba uliweka kiasi sawa cha seli kila mahali. Kuhusu protini yako haisemi neno, lakini inaipa picha heshima, na wahakiki wengi wakiiona hutulia.

Jarida likidai picha nzima isiyokatwa, usikatae. Itie kwenye faili la nyongeza, ukurasa wa mwisho, bila kuandika vipimo pembeni. Hakuna mahali salama zaidi pa kuficha ushahidi kuliko pale kila mtu anapoweza kuuona.

Hatua ya 6: Kila bendi iwe na sababu

Mtu akiuliza kuhusu mistari mingine, jibu liwe tayari:

- Bendi iko juu kuliko inavyotakiwa: protini imebandikwa fosfati, sukari au protini nyingine ndogo.
- Iko chini: imekatwa na kimeng'enya, au jeni ina toleo fupi.
- Iko kwenye uzito maradufu: protini mbili zimeshikana. Ni kweli ulizichemsha kwenye sabuni ili zisishikane, lakini undugu hauvunjwi na sabuni.
- Ulivua protini kwa kingamwili, na sasa zipo bendi mbili nzuri kwenye 50 na 25: hivyo ndivyo vipande vya kingamwili yenyewe, mnyororo mzito na mnyororo mwepesi. Ukikumbuka hilo baada ya makala kutoka, umechelewa vizuri.
- Hakuna bendi kabisa: seli hizi zimeizima protini. Huo ni ugunduzi, andika makala ya pili.

Maelezo haya manne ya kubandikwa, kukatwa, kufupishwa na kushikana yote hutokea kweli ndani ya seli. Uzuri wake uko hapo. Huhitaji kusema uongo. Unahitaji tu mtu asiulize ni lipi kati yao lililotokea kwenye jeli yako, na umejuaje.

Hatua ya 7: Fanya vipimo vya uhakiki visivyohakiki

Mhakiki mmoja atataka mlinganisho. Mpe miwili.

Wa kwanza: rudia kila kitu bila kingamwili ya sungura. Utando utabaki mweupe. Umethibitisha kwamba mbuzi hadanganyi, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka.

Wa pili unapendeza zaidi. Changanya kingamwili na kile kipande cha protini alichodungwa sungura, kisha imwage kwenye utando. Bendi zitatoweka! Zitatoweka kwa sababu mikono ya kingamwili imejaa. Itakuwa imeachia protini yako, na itakuwa imeachia pia binamu, shemeji na kila kitu kingine ilichokuwa imekishika kimakosa kwa mkono uleule. Kipimo hiki kinaonyesha kwamba kingamwili inakijua kipande ilichofunzwa nacho. Hakionyeshi kwamba kilichokuwa kwenye utando ni kipande hicho. Lakini kwenye picha, kushoto bendi, kulia hakuna, watu hupiga makofi.

Hatua ya 8: Hamia kwenye tishu

Bloti angalau huonyesha uzito, na uzito huweza kukuumbua. Kwenye kipande cha tishu kilichobandikwa juu ya kioo hakuna uzito, kuna rangi ya kahawia tu. Kahawia ndani ya kiini: protini iko kazini. Kahawia nje ya kiini: protini imehama, na kuhama huko kuna maana kubwa kwa ugonjwa. Kahawia kila mahali: inahitajika kila mahali.

Mfano wa kuigwa ni kipokezi cha estrojeni aina ya beta. Nacho hushika DNA kwa vidole viwili vya zinki, ingawa vyake hushikiliwa na sisteini nne kila kimoja. Kiligunduliwa Sweden na kutangazwa mwaka 1996, kikitokea kwenye tezi dume ya panya. Kwa miaka kama 20 iliyofuata kingamwili zilikiona sehemu nyingi za mwili, pamoja na saratani ya matiti, na matumaini ya tiba yakajengwa juu ya kahawia hiyo. Mwaka 2017 watafiti walichukua kingamwili 13 za kipokezi hicho wakazipima kwa ukali, zikiwemo zile zilizozoeleka. Moja tu ndiyo iliyokishika kipokezi chenyewe bila kushika vingine, nayo ilikuwa miongoni mwa zile ambazo watu hawakuwa wakizitumia sana. Walipoitumia kwenye tishu 44 za kawaida na 21 za saratani, walikiona kwenye korodani, kwenye ovari, kwenye seli za limfu na kwenye saratani chache. Kwenye matiti, yenye afya au yenye saratani, hawakukiona.

Ona jinsi kanuni yetu ya Hatua ya 2 ilivyo imara. Kama wote wangeendelea kununua ile inayotajwa zaidi, kipokezi kingekuwa bado kipo kwenye matiti.

Watu na mambo ya kuepuka

Usikae karibu na mtu mwenye seli zilizofutwa jeni. Siku hizi, kwa mkasi wa CRISPR, mtu anaweza kuifuta jeni ya protini yako kwenye seli, akaziweka seli hizo kwenye kisima cha jirani, na kumwaga kingamwili yako juu ya visima vyote viwili. Bendi ya kilodaltoni 70 ikitoweka upande wake, kingamwili yako ni nzuri. Ikibaki palepale, umekuwa ukipiga picha ya mtu mwingine. Kipimo hiki ni rahisi kueleweka hata na mhasibu wa chuo, na hiyo ndiyo hatari yake.

Epuka pia orodha iliyotolewa mwaka 2016 na kikundi cha kimataifa cha uhakiki wa kingamwili. Inataja njia tano: kuifuta au kuinyamazisha jeni, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini ileile, kuibandika protini alama inayoweza kufuatiliwa, na kuivua protini kisha kuitambua kwa spektrometa ya masi. Isitoshe, wanadai kingamwili ihakikiwe upya kwa kila aina ya kazi, kwa kuwa inayoshika vizuri kwenye bloti, ambako protini imechemshwa na kunyooshwa, inaweza kupotea kwenye tishu, ambako protini bado imejikunja.

Hatari zaidi ni mradi wa YCharOS wa Kanada. Wao huchukua kingamwili za kampuni mbalimbali, huzipima kwa seli zilizofutwa jeni, halafu hutangaza majibu hadharani, mtu yeyote asome bure. Mwaka 2023 walichapisha matokeo ya kingamwili 614 za protini 65. Waligundua kwamba kwa wastani kila protini ilikuwa na makala kama 12 zilizotumia kingamwili isiyoishika protini hiyo. Waligundua pia kwamba zile zinazotengenezwa kutokana na jeni zilizishinda za damu ya sungura. Baadhi ya kampuni ziliondoa bidhaa zao sokoni. Mtu akikuonyesha takwimu hizi, mwambie protini yako haimo kati ya zile 65. Kwa ukoo wenye jeni zaidi ya 700, uwezekano wa kuwa unasema kweli ni mkubwa.

Akikuuliza kuhusu gharama, usimtajie kadirio la mwaka 2015, kwamba duniani kote kingamwili mbovu hula dola milioni 800 kila mwaka. Mtajie bei ya seli zilizofutwa jeni. Hiyo unaijua, uliiona kwenye profoma, ukaifuta kwenye bajeti mwenyewe.

Hatua ya mwisho: Rithisha

Makala ikitoka, usitupe kichupa. Kimebaki na mikrolita 20, na mradi unaofuata unaanza Januari. Andika juu yake kwa kalamu ya wino: "ZNF, nzuri". Usiandike namba ya toleo, kwa maana sungura huyo hatapatikana tena. Mwanafunzi mpya akija, mkabidhi kichupa pamoja na nakala ya makala yako. Kama amelelewa vibaya atauliza ikiwa kingamwili hii inafanya kazi. Usimdanganye kijana wa watu. Mwambie imeshatajwa kwenye makala.